Kuumbiza Aya na Kuumbiza Diski: Neno Moja kwa Kazi Mbili

Karatasi tunayoizungumzia katika makala haya ina mistari kumi na miwili tu, nayo ilibandikwa ukutani katika ofisi ya walimu ya shule moja ya sekondari ambayo hatutaitaja. Si kitabu, wala si andiko lililoletwa na mchapishaji ili lipatiwe ithibati ya lugha. Wasomaji waliozoea kuona humu uhakiki wa kamusi au wa tafsiri za sheria huenda wakadhani tumejishusha. Lakini karatasi hiyo ilitafsiriwa na mtu ajuaye Kiswahili vyema, ikatumia istilahi zilizoenea katika orodha zetu sote, na siku ilipofuatwa neno kwa neno ikapoteza alama za wanafunzi wa vidato viwili. Kwa sababu hiyo tumeona ni haki ichambuliwe kwa uzito uleule tunaokipa kitabu.

Shule ilikuwa na sababu njema ya kuiandaa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa usaidizi wa kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, uliokuwa ukitumika tangu mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai kompyuta iwe na chombo cha usalama cha aina mpya ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Basi ofisi na shule zikabaki na njia chache: kununua mashine mpya, kusakinisha mfumo mpya katika zile zinazoupokea, au kuhamia mfumo mwingine wa namna ya Linux. Kwa mashine zilizobaki kazini, kazi ya fundi huwa karibu ni ileile, yaani kuisafisha diski na kuuweka mfumo upya. Kwa kuwa mafundi ni wachache, shule iliamua walimu wajifanyie wenyewe, na mmoja wao akaombwa ayatie maelekezo katika Kiswahili.

Mstari wa tatu wa karatasi ulimtaka msomaji atengeneze nakala ya mafaili yake. Mstari wa nne ulimtaka aiumbize diski. Mstari wa tano ulimtaka asakinishe upya mfumo endeshi. Mwalimu wa taaluma, ambaye kompyuta yake ilihifadhi alama za maendeleo za Kidato cha Tatu na cha Nne, aliisoma mara mbili kabla ya kuanza. Nakala alitengeneza: alifungua kabrasha jipya, akaliita Nakala, akayanakili humo mafaili yote, ndani ya diski ileile. Kuhusu kuumbiza hakuwa na shaka, kwani katika mafunzo ya programu ya kuandikia alikuwa amefundishwa kwamba kuumbiza aya ni kuipangia upana wa pambizo, ukubwa wa herufi na nafasi baina ya mistari. Akaona ni jambo la busara kwamba diski nayo ipangwe vizuri kabla ya kupokea mfumo mpya. Saa mbili baadaye mfumo ulikuwa mpya kabisa, na alama hazikuwapo, wala asili yake wala nakala yake.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mwalimu, na kwamba mtu asiyejua kazi asiishike. Hatukubaliani nao. Mwalimu huyu alikosea kwa kuyaamini maneno, jambo ambalo kila siku tunawahimiza wananchi walifanye tunapowaambia kwamba Kiswahili chatosha kwa sayansi na ufundi. Kila neno alilolisoma lilikuwa katika orodha, na kila neno alilielewa sawasawa na maana aliyofundishwa. Ikiwa istilahi mbili zilizo halali zinaweza kumpeleka msomaji makini mahali pabaya kiasi hiki, basi kasoro imo katika istilahi, na sisi tulio katika kazi hii hatuna budi kuikiri.

Yafaa kwanza ieleweke ni kazi gani hasa inayotajwa. Diski kuu ya kompyuta ni ghala la alama. Ile ya kwanza, iliyouzwa na kampuni ya IBM mwaka 1956 pamoja na mashine iliyoitwa RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, nazo zote pamoja ziliweza kuhifadhi herufi zipatazo milioni 5, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri. Sahani hizo hupakwa madini ya sumaku, na zikiwa tupu hazina mahali palipo na jina. Ni kama pori. Ili kitu kiwekwe na kuonekana tena, lazima pori lipimwe viwanja na kila kiwanja kipewe namba. Kwa miaka mingi kiwanja kimoja kilikuwa cha baiti 512. Katika diski nyingi za siku hizi ni cha baiti 4,096. Upimaji huo wa mwanzo katika miaka ya 1980 fundi aliweza kuufanya mwenyewe, na wakati mwingine alilazimika. Leo hufanywa kiwandani, na mtumiaji hauoni.

Kinachobaki kwa mtumiaji ni kazi ya pili, nayo ndiyo iliyomponza mwalimu wetu. Baada ya viwanja kupimwa, pafaa kuwe na daftari la msajili linaloonyesha kiwanja kipi kina nani. Kila faili tunaloliona kwenye kioo twaliona kwa sababu jina lake limo katika daftari hilo. Kuifanyia diski kazi ambayo Waingereza huiita fomati ni kulichana daftari la zamani na kufungua jipya lisilo na jina hata moja. Nyumba huenda bado zimesimama viwanjani, lakini hakuna anayezitambua, na mjenzi mpya akija ataambiwa kwamba nchi yote ni tupu, ajenge apendapo. Mfumo endeshi mpya ndio mjenzi huyo wa kwanza. Fundi aliyeitwa baadaye kuziokoa alama zile alifaulu kupata vipande vya mafaili visivyo na majina; vingine vilikuwa vimekwisha jengewa juu.

Sasa turudi kwenye neno. Umbiza ni neno zuri, nasi hatuna ugomvi na aliyeliunda. Limetoka katika umba, na ndani yake twasikia umbo. Aya iliyoumbizwa ni aya iliyopewa umbo: maneno yamebaki yaleyale, sura ndiyo iliyobadilika. Kwa kazi ya uandishi hatujui neno lililo bora kuliko hilo. Lakini hebu lipeleke kwenye diski. Kuumba ni kukifanya kiwepo ambacho hakikuwapo, ndiyo maana kitenzi hiki twakihusisha kwanza na Mwenyezi Mungu. Kazi inayofanywa kwenye diski, kwa macho ya mwenye mali, ni kinyume chake: kilichokuwapo hakipo tena. Msomaji wa Kiswahili hana njia yoyote ya kuisikia hasara hiyo ndani ya neno umbiza, hata akilichambua mzizi kwa mzizi na kiambishi kwa kiambishi.

Tatizo lilianza katika Kiingereza. Lugha hiyo hutumia neno lilelile moja kwa mpangilio wa aya, kwa aina ya faili na kwa kuisafisha diski, na Mwingereza huzitenganisha maana hizo kwa mazoea ya kazi. Mtafsiri wetu alilikuta neno moja upande wa kushoto wa orodha, akaweka neno moja upande wa kulia, akapita. Haishangazi. Sehemu kubwa ya Kiswahili cha kompyuta tunachokitumia ilijaribiwa kwanza katika programu za ofisini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kukokotolea zenye maelezo ya Kiswahili, na baadaye kidogo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Katika programu ya kuandikia, mtu hukutana na kuumbiza mara ishirini kwa siku na hakuna linalopotea. Mazoea yakajengeka hapo. Neno lilipofika kwenye diski lilikuja na sifa njema ya upole lililoipata kwingine.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wa lugha hawalijui, kwa kuwa sisi husakinisha mifumo mara chache. Sura ya Kiswahili ya Windows ilikuja kama tabaka linalowekwa juu ya mfumo uliokwisha kusakinishwa kwa lugha nyingine. Maana yake ni kwamba katika saa ya hatari kabisa, yaani pale mtumiaji anapoulizwa ni sehemu ipi ya diski ifutwe na ipi iachwe, Kiswahili bado hakijafika. Kioo huzungumza Kiingereza, au Kifaransa, au lugha yoyote iliyo ya msingi. Kiswahili huja baadaye, nyumba ikiwa imekwisha bomolewa na kujengwa, kupaka rangi. Kwa hiyo karatasi ya ukutani, tuliyoogopa kuichambua kwa kuwa ni ndogo, ndiyo maandishi pekee ya Kiswahili aliyokuwa nayo mwalimu wakati kidole chake kilipokuwa juu ya kitufe.

Basi diski ifanyiweje? Tumeyapima maneno kadhaa. Andaa ni pole mno. Mpishi huandaa, na hakuna mtu aliyepoteza kitu kwa kuandaliwa. Safisha lina kasoro iyo hiyo, na tena mafundi hulitumia kwa kupuliza vumbi ndani ya mashine. Fyeka tulilipenda kwa siku mbili tatu. Kila mkulima ajua kwamba shamba likifyekwa kilichokuwa juu yake kimekwenda, na kwamba hufyekwa ili lilimwe upya, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitafuta. Lakini kufyeka hakusemi habari ya daftari, na tulipolijaribu kwa mafundi watatu wa kompyuta wawili walicheka na wa tatu akatuuliza kama twataka azifute na picha. Alikuwa ameelewa, lakini alikuwa na neno lake tayari.

Neno lake ni kufomati. Mafundi wote tuliozungumza nao hulitumia, wateja wao wamelijua kutoka kwao, na hakuna hata mmoja anayelihusisha na aya. Mtu aliyewahi kuambiwa kwamba kompyuta yake itafomatiwa hushtuka kwanza, kisha huuliza juu ya picha za harusi. Mshtuko huo ndio ushahidi kwamba neno linafanya kazi. Kwa maoni yetu, basi, umbiza libaki katika maandishi na fomati lichukue diski, na orodha zetu ziyaandike maneno hayo mawili kwa mistari miwili tofauti.

Tunajua tutakavyopingwa. Taratibu za kuunda istilahi tulizozizoea hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha tuzitazame lugha za Kibantu, kabla ya kuomba kwa jirani wa mbali. Sisi wenyewe tumezitetea taratibu hizo mara nyingi katika vikao, na tumefurahi zilipotupa pakua, lililotoka jikoni na bandarini, au kipakatalishi, linalomkumbusha kila mmoja wetu jinsi mtoto anavyopakatwa. Lakini taratibu ziliwekwa ili watu waelewane. Hapa neno la asili linaficha na neno la kutohoa linafichua. Tena fomati si mgeni mkorofi: kwa umbo lake hukaa pamoja na safiri, fikiri na kariri, hukubali kufomatiwa na kufomatia bila kulazimishwa, na mtoto wa shule ya msingi huliandika kama anavyolisikia. Wanaoona aibu kulipokea wajiulize kwa nini hawaoni aibu kusema diski.

Mitaani upo msemo mwingine, nao watustahilia maneno machache. Fundi wa Kariakoo au wa stendi yoyote ya mkoani hasemi kwamba atasakinisha upya mfumo endeshi. Husema atapiga windo. Wapo wanaokereka na msemo huu. Sisi twaona ni Kiswahili safi katika muundo wake: twapiga pasi, twapiga deki, twapiga chapa, twapiga rangi, na katika yote hayo piga humaanisha kazi ya mkono inayoenea juu ya kitu kizima na kukiacha kipya. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, imefungwa kwa jina la bidhaa ya kampuni moja, hata tumemsikia fundi akisema atapiga windo ya Linux, sawa na wale wanaokuomba kalamu ya biki ya aina nyingine. Pili, na hii ndiyo kubwa, msemo huo humeza kazi mbili kwa pamoja. Mfumo waweza kusakinishwa bila diski kufomatiwa, na mafaili yakabaki. Na diski yaweza kufomatiwa pasipo mfumo wowote kuwekwa. Mteja anayeambiwa kwamba mashine itapigwa windo hajui ni ipi kati ya hizo. Katika maandishi rasmi, basi, msemo huo haufai, ingawa mwandishi wa hadithi akiutumia tutamshangilia.

Sakinisha hatulilaumu. Limetokana na sakini, kukaa mahali kwa utulivu, lenye undugu na maskani, na picha ya programu kupewa makazi ndani ya mashine ni sahihi. Wanaopendelea simika wana hoja yao, lakini simika huelekea kwenye nguzo na kwenye viongozi. Mfumo endeshi nalo lapita.

Nakala, kwa upande mwingine, ni mtego. Kile ambacho Waingereza hukiita bakapu si nakala tu. Ni nakala iliyowekwa mahali ambapo balaa litakaloifikia asili halitaifikia yenyewe. Mwalimu wetu alikuwa na nakala halisi, kamili, isiyo na dosari. Ilikuwa ndani ya nyumba ileile iliyobomolewa. Wataalamu wamependekeza chelezo, neno la pwani lenye heshima, la kitu kinachoelea. Twalipenda: jahazi likizama, chelezo chabaki juu ya maji. Lakini tulipoliuliza kwa walimu wa bara hakuna aliyelijua, na neno la tahadhari lisilojulikana ni kengele isiyo na ulimi. Nakala rudufu nalo husema tu kwamba ziko mbili, jambo ambalo nakala yenyewe imekwisha sema. Tungependelea nakala ya akiba. Kila mtu ajua kwamba akiba haiwekwi katika mfuko uleule wa matumizi. Na hata hivyo twawashauri watafsiri wasiliache neno peke yake, bali waongeze kwamba iwekwe nje ya kompyuta.

Mstari wa saba wa karatasi ulituchosha kwa namna nyingine. Ulimwagiza msomaji achague kiendeshi, na wa tisa ukamwagiza asakinishe viendeshi. Vitu hivyo viwili havina uhusiano. Cha kwanza ni diski yenyewe, draivu ya Waingereza, iliyoitwa hivyo zamani kwa sababu ya mtambo uliokuwa ukiizungusha. Cha pili ni draiva, programu ndogo inayoufundisha mfumo jinsi ya kuzungumza na mashine ya kuchapia, kioo au kadi ya sauti, na ambayo mara nyingi huhitajika baada ya kila usakinishaji. Kiingereza kimeyatenga kwa herufi moja ya mwisho. Sisi tumeyaunganisha kabisa. Diski nyingi za siku hizi ni za chipu, hazina sahani wala kinachozunguka, kwa hiyo hata sababu ya kuziita viendeshi imekwisha. Ziitwe diski, ya ndani au ya nje, na kiendeshi kibaki jina la programu ile.

Kuhusu sehemu za diski hatuna jibu lililotutosheleza. Diski moja yaweza kugawanywa ili mfumo ukae upande mmoja na mafaili upande mwingine, na mgawanyo huo una faida kubwa siku ya kufomati, kwani upande mmoja hufyekwa na mwingine ukabaki. Karatasi ile ilisema sehemu, neno ambalo ndani yake lilikuwa pia limetumika kwa mahali kwenye kioo na kwa hatua ya kazi. Wengine huandika kizigeu. Wakosaji hapa wamefuata tena Kiingereza, ambacho kwa neno moja hutaja ukuta unaogawa na chumba kilichogawika. Mswahili hachanganyi hayo: kiambaza ni ukuta, na anayepanga hapangi kiambaza, hupanga chumba. Kitu kinachofomatiwa ni chumba. Tumewaza pia kitalu, na ngwe, lile eneo analopimiwa mtu mmoja alime, na jaruba la mpunga lenye kingo zake pande zote nne. Jaruba lina uzuri wake, maana maji ya jaruba moja hayaingii katika jingine ila kwa kutobolewa. Lakini halijulikani kila mahali, na kwa sasa twaandika kitalu tukiwa tayari kusahihishwa.

Liko neno dogo ambalo halimo katika orodha yoyote na ndilo linaloharibu maandishi mengi ya aina hii, nalo ni upya. Kiingereza kina kiambishi chake cha kurudia, na kila kinapokutana nacho mtafsiri huweka upya mwishoni na kuendelea. Matokeo yake, katika ukurasa mmoja wa mwongozo, kuwasha upya, kuanzisha upya, kuweka upya, kusakinisha upya na kufomati upya husimama bega kwa bega kama watoto wa mama mmoja. La kwanza halina madhara yoyote. Mashine huzimwa ikawashwa. La mwisho huteketeza. Katikati yapo yale ambayo yamebadilika kadiri miaka inavyokwenda: tangu Windows 8 ya mwaka 2012 mtumiaji aweza kuurudisha mfumo katika hali yake ya mwanzo kwa njia mbili, moja ikiyahifadhi mafaili yake na nyingine ikiyaondoa yote, na njia hizo mbili hutenganishwa na swali moja tu kwenye kioo. Kusema kuweka upya kwa zote mbili ni kumfumba macho msomaji. Twapendekeza washa upya liachiwe kuzima na kuwasha. Rudisha hali ya awali litumike kwa mfumo, na kila mara lifuatwe na maneno pamoja na mafaili au bila mafaili. Na kuokoa litengewe kazi ya kutafuta kilichokwisha potea.

Watumishi wa serikali watatuuliza juu ya futa, na wana haki. Wao hukutana na tatizo hili kwa upande wa pili: mwalimu alitaka mafaili yabaki yakapotea, ilhali mwenye ghala la serikali hutaka yapotee nayo hubaki. Kompyuta za zamani huuzwa kwa mnada, na kabla ya hapo hati huandikwa kwamba taarifa zote zimefutwa. Katika Kiswahili futa ni neno la ubao na chaki, na kila mwanafunzi aliyekaa mbele ajua kwamba ubao uliofutwa kwa haraka husomeka. Fomati ya haraka ni hivyo hivyo: daftari limechanwa, viwanja havijaguswa, na mtu mwenye programu ya kuokoa aweza kuyasoma mengi. Hata ile iitwayo fomati kamili, katika Windows za kabla ya Vista iliyotoka mwaka 2007, ilikagua tu ubovu wa diski bila kuandika chochote juu ya yaliyokuwamo. Tangu Vista ndipo ilipoanza kuijaza diski nzima sifuri. Diski za chipu zina tabia yao tena, kwani mfumo ukiziarifu kwamba eneo fulani halitumiki zaweza kulisafisha zenyewe mara moja, na aliyetegemea kuokoa mafaili yake hukuta hakuna la kuokoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilikuwa na yake tangu mwaka 2019. Hati inayosema zimefutwa, mahali ambapo palipaswa kusemwa zimeteketezwa, yaweza kuwa ya kweli kwa lugha na ya uongo kwa sheria. Tungependa futa liwe la jina katika daftari, fomati liwe la daftari zima, na teketeza liwe la viwanja vyenyewe, kiasi kwamba hakuna tena kinachosomeka kwa njia yoyote.

Kwa kuwa si vizuri kubomoa karatasi ya mwenzetu bila kuweka nyingine mahali pake, tuliiandika upya mistari ile mitatu ya hatari, na mwalimu wa taaluma akaisoma pamoja nasi. Tuliandika hivi: Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Ichomeke diski hiyo katika kompyuta nyingine uhakikishe kwamba mafaili yanafunguka, kisha iweke mbali. Usipofanya hivyo usiendelee. Sasa fomati kitalu cha mfumo katika diski ya kompyuta. Kufomati huondoa kila kitu kilichomo, nacho usitarajie kukirudisha. Ukimaliza, sakinisha mfumo endeshi, kisha viendeshi vyake, na mwisho kabisa rudisha mafaili yako kutoka kwenye nakala ya akiba.

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mtafsiri wa karatasi ya awali alituambia, kwa adabu, kwamba haitaenea katika ukurasa mmoja kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni. Tukamshauri atumie kurasa mbili. Mwalimu wa taaluma, ambaye wakati huo alikuwa bado akizikusanya alama kutoka katika madaftari ya wanafunzi na karatasi za zamani za mbao za matangazo, hakuwa na neno juu ya fomati wala juu ya kitalu. Alichukua kalamu akakata maneno diski ya nje, na juu yake akaandika: flashi nyeupe iliyo kabatini kwa Mkuu wa Shule.